Kidimbwi ni chako, maradhi ni ya mtaa mzima

Ukitoka Casuarina pale Malindi ukapita Mayungu na Watamu, kisha ukashuka hadi Bofa kule Kilifi, utaona kwamba kidimbwi cha kuogelea si mali ya mahoteli makubwa peke yake tena. Nyumba za kukodisha wageni, makazi ya Waitaliano, nyumba za mapumziko za watu wa Nairobi na hata za wenyeji waliofanikiwa sasa zina vidimbwi uani. Baadhi zina jakuzi pia, yaani lile beseni kubwa la maji moto yanayobubujika. Hakuna ubaya wowote katika hayo. Kuogelea ni mazoezi mema kwa moyo, mapafu na viungo, na wazee wenye maumivu ya magoti hupata nafuu majini kuliko barabarani.

Ubaya huingia pale mwenye nyumba anapoyaona maji hayo kuwa pambo tu, kama maua ya langoni. Maoni yangu ni kwamba anayejenga kidimbwi amejitwika dhamana ya afya ya watu watatu: anayeogelea, mfanyakazi anayeyatunza maji, na jirani aliye nje ya ua ambaye huenda hajawahi kukanyaga humo ndani. Asiyeweza kuibeba dhamana hiyo, afadhali akifukie kidimbwi chake na kupanda mipapai.

MACHO SI KIPIMO

Watu wengi huyahukumu maji ya kidimbwi kwa rangi. Yakiwa ya samawati na kumetameta, husema ni safi. Yakigeuka kijani, husema yameharibika. Lakini viini vya maradhi havionekani kwa macho, na maji yanaweza kuwa maangavu kama kioo ilhali hayana dawa hata chembe. Rangi ya kijani huja kwa kuchelewa, baada ya maji kukaa siku kadhaa bila kinga.

Vipimo viwili ndivyo vinavyosema kweli. Cha kwanza ni kiasi cha klorini iliyo huru, yaani ile ambayo haijatumika na iko tayari kuua viini. Katika kidimbwi isipungue miligramu 1 kwa kila lita ya maji. Ukitumia vidonge vyenye asidi ya sayanuriki, ambayo huikinga klorini dhidi ya jua, isipungue 2. Kwenye vifaa vingi vya kupimia utaona herufi ppm. Hesabu ni ile ile. Kipimo cha pili ni pH, ambacho hueleza uchachu wa maji. Kiweke kati ya 7.2 na 7.8.

Vipimo hivi viwili hufanya kazi kwa pamoja. Pale pH inapokuwa 7.5, takriban nusu ya klorini iliyomo huwa katika hali kali ya kuua viini. Ikipanda hadi 8, hubaki kama robo au chini yake, na ikifika 8.5 hubaki takriban sehemu moja kwa kumi. Ndiyo maana mtu anaweza kutia dawa kila jioni na bado akayakuta maji yameanza kugeuka kijani. Dawa imo, lakini haina nguvu.

Jambo hili linatuhusu sana sisi wa pwani. Visima vyetu vingi vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, na maji yake aghalabu ni magumu, yaani yana chokaa nyingi. Saruji ya kidimbwi kipya huipandisha pH, na klorini ya unga nayo huipandisha. Isitoshe, jua letu la mchana huimaliza sehemu kubwa ya klorini isiyokingwa kwa muda wa saa chache tu. Dawa iliyotiwa asubuhi huenda isiwepo watoto wanaporuka majini saa tisa alasiri. Kwa hiyo pima mara mbili kila siku kidimbwi kinapotumika: asubuhi kabla ya mtu yeyote kuingia, na tena mchana.

Klorini ya kutosha hufanya kazi nzuri mno. Ikiwa miligramu 1 kwa lita na pH iko sawa, bakteria hatari wa kuhara aina ya E. coli hufa katika muda usiozidi dakika moja. Virusi vya homa ya ini aina ya A huchukua kama dakika 16, na Giardia kama dakika 45. Lakini kipo kiini kiitwacho Cryptosporidium, kinacholeta kuhara kwa muda mrefu, ambacho huweza kuishi katika maji hayo kwa zaidi ya siku 10. Kwa sababu hiyo dawa peke yake haitoshi. Mtu anayehara, mkubwa kwa mdogo, asiingie kidimbwini. Aliyeambiwa na daktari kwamba ana Cryptosporidium angoje wiki mbili baada ya kuhara kukoma.

MATATIZO YA KAWAIDA NA TIBA YAKE

Harufu kali na macho mekundu. Mgeni akitoka majini macho yamewiva, mwenye nyumba humkemea kijana wake kwamba ametia dawa nyingi mno. Mara nyingi kisa ni kinyume cha hivyo. Klorini ikikutana na jasho, mkojo na mafuta ya mwilini hugeuka kuwa kloramini, na hiyo ndiyo inayonuka, kuwasha macho na kuwakohoza wenye pumu. Harufu kali ina maana kwamba klorini iliyo huru imetumika na huenda imepungua. Dawa ya kwanza ni sabuni na bafu kabla ya kuingia, na kuwapeleka watoto chooni kila baada ya saa moja. Ya pili ni kupima kloramini iliyomo, kisha jioni, wakati hakuna mtu majini, kuipandisha klorini hadi mara kumi ya kiasi hicho. Pampu ifanye kazi usiku kucha na pasiwe na kifuniko juu ya maji. Mtu asiingie tena mpaka klorini ishuke chini ya miligramu 4 kwa lita.

Maji ya kijani. Hii ni mimea midogo sana iliyopata jua, joto na maji yasiyo na dawa. Anza kwa kuiteremsha pH hadi karibu 7.2. Sugua kuta na ngazi kwa brashi, kwani utando huo huficha viini chini yake. Tia klorini nyingi jua likishatua, acha pampu izunguke bila kukoma, na uoshe chujio la mchanga kila kipimo chake cha mgandamizo kinapopanda. Kazi hii inaweza kuchukua siku tatu au nne. Wapo wanaopenda njia ya mkato ya mrututu. Ni kweli kwamba shaba iliyomo huua utando wa kijani, lakini haitoshi kuua viini vya maradhi, na ikizidi hutia madoa ukutani na kuzigeuza kijani nywele nyeupe za wageni.

Maji yenye weupe kama tui. Hapa chujio huenda ni chafu, au pampu inawashwa saa mbili tu kwa siku ili kupunguza gharama ya stima, au pH imepanda katika maji yenye chokaa. Shabu husaidia kuikusanya takataka ishuke chini, kama mama zetu walivyoyatuliza maji ya mtoni. Lakini maji yaliyotulizwa kwa shabu hayajauliwa viini, na bado yanahitaji klorini. Hatari kubwa ya maji ya namna hii ni kwamba mtoto akizama haonekani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Weka kanuni moja isiyo na msamaha: kama huoni vizuri tundu la kutolea maji lililo chini kabisa, mtu yeyote asiingie. Na hata maji yakiwa maangavu, kidimbwi kizungushiwe ua pande zote nne, na mlango wake ujifunge wenyewe.

Ukoko mweupe ukutani na kwenye mabomba. Hii ni chokaa ya visima vyetu. Wengi huizidisha kwa kutia magadi kila wiki kwa mazoea, kwa kuwa hivyo ndivyo fundi alivyoagiza siku ya kwanza. Magadi huipandisha pH. Usiyatie mpaka kipimo kikuonyeshe kwamba pH imeshuka mno. Katika maji magumu ni vyema kuiweka pH karibu na 7.2 hadi 7.4, kwa kutia asidi kidogo kidogo huku pampu ikizunguka.

Dawa haifanyi kazi ingawa vipimo ni vizuri. Kama umetumia vidonge kwa miaka bila kubadilisha maji, huenda asidi ya sayanuriki imelundikana. Ikipita miligramu 100 kwa lita, klorini hufanya kazi polepole sana. Hakuna unga wa dukani wa kutegemea kwa tatizo hili. Njia ya uhakika ni kuondoa sehemu ya maji na kuongeza mengine.

Na hapa tusisahau bei ya maji yenyewe. Chukua kidimbwi cha nyumbani chenye urefu wa mita 8, upana wa mita 4 na kina cha wastani cha mita moja na nusu. Kinabeba lita 48,000. Hiyo ni mitungi 2,400 ya lita 20. Familia ya Muyeye au Maweni inayotumia mitungi sita kwa siku ingeyatumia maji hayo kwa siku 400. Maji ya mfereji ya Malindi na Kilifi hutoka Baricho, kando ya mto Sabaki, na kila mkazi anajua mifereji inavyokauka. Mwenye kidimbwi anayeyaacha maji yaharibike, kisha akayamwaga na kuita boza jingine, anaukosea mtaa wake. Maji yanayopimwa kila siku hudumu miaka.

Hesabu hiyo hiyo ya lita ndiyo ya kupimia dawa. Katika kidimbwi hicho, kuipandisha klorini kwa miligramu 1 kwa lita kunahitaji takriban gramu 75 za klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 65. Kuipandisha kwa 2 kunahitaji gramu 150. Nunua mizani ndogo ya jikoni na uitenge kwa kazi hii tu. Kikombe kinachojazwa kwa kukisia leo kitakuwa kidogo, kesho kitakuwa kingi, na hakuna atakayejua.

Kuhusu sikio. Wakati wa likizo za shule sisi madaktari hupokea watoto wengi wenye sikio linalouma hasa linapovutwa au kuguswa mbele yake. Aghalabu ni bakteria aitwaye Pseudomonas, ambaye hustawi katika maji yaliyopungukiwa na dawa na katika sikio lisilokauka. Mtoto akitoka majini mwinamishe kichwa kila upande na umfute kwa taulo kavu. Usimchokoe kwa njiti wala pamba, na usimtie mafuta ya aina yoyote. Maumivu yakiendelea, mpeleke kwa daktari apewe dawa ya matone. Sikio linalotoa usaha litazamwe kwanza kabla ya kutiwa chochote, kwani kiwambo cha sikio huenda kimetoboka.

JAKUZI SI KIDIMBWI KIDOGO

Mwenye jakuzi asidhani kwamba ana kidimbwi kidogo chenye kazi ndogo. Jakuzi ya kawaida hubeba kama lita 1,500. Watu wanne wakikaa humo, ni sawa na watu 128 kuingia kwa pamoja katika kile kidimbwi cha lita 48,000. Na maji yenyewe ni moto, kwa hiyo jasho huwa jingi na klorini huisha upesi. Hapa klorini isipungue miligramu 3 kwa lita, na ipimwe kabla ya kila kundi kuingia. Chujio lisafishwe mara kwa mara, na maji yabadilishwe yote kila wageni wapya wanapoingia katika nyumba.

Ukitoka katika jakuzi, kisha baada ya siku moja au mbili ukaona vipele vyekundu vinavyowasha, hasa pale nguo ya kuogelea ilipobana, huyo ni Pseudomonas yule yule. Kwa watu wengi vipele hivyo hupona vyenyewe. Ukipata homa, au vikizidi, muone daktari.

Kubwa zaidi ni bakteria aitwaye Legionella, ambaye hupenda maji ya uvuguvugu na huleta homa kali ya mapafu. Huyu humwingia mtu kwa kuvuta ule mvuke na matone madogo yanayorushwa na mapovu. Mwaka 1999, katika maonyesho ya maua mjini Bovenkarspel, Uholanzi, jakuzi iliyowekwa kwa maonyesho tu ilieneza maradhi hayo. Waliougua walizidi 180 na waliokufa walizidi 20. Wengi wao walikuwa wapita njia tu. Mzee, mvutaji sigara au mtu mwenye ugonjwa wa mapafu akipata homa na kikohozi ndani ya wiki mbili baada ya kukaa karibu na jakuzi, amwambie daktari wake habari hiyo. Asipoambiwa, daktari wa pwani atafikiria malaria kwanza.

Joto la jakuzi lisipite nyuzi 40, na robo saa inatosha. Watoto wa chini ya miaka mitano wasiingie. Wajawazito na wenye maradhi ya moyo wamuulize daktari kwanza. Aliyekunywa pombe akae nje.

KIJANA ANAYESHIKA NDOO

Sasa tumtazame mtu wa pili katika dhamana hii. Katika nyumba nyingi za pwani, kidimbwi hutunzwa na kijana aliyeajiriwa kufagia uwanja, ambaye baadaye alikabidhiwa wavu, brashi na ndoo ya klorini. Huonyeshwa kazi kwa dakika kumi. Maandishi ya kwenye ndoo ni ya lugha ya kigeni. Kisha maji yakichafuka, yeye ndiye wa kulaumiwa.

Dawa anazozishika ni za hatari. Klorini ikichanganyika na asidi hutoa gesi ya sumu inayoweza kuunguza mapafu. Klorini ya unga ikichanganywa na klorini ya vidonge inaweza kuwaka moto au kulipuka, hata kama ni kwa kutumia kikombe kimoja chenye mabaki. Kila dawa iwe na chombo chake. Dawa humwagwa ndani ya maji. Kamwe usimimine maji juu ya dawa. Asidi na klorini zisihifadhiwe pamoja, wala karibu na jenereta, petroli au nguo za kitanda. Chumba cha dawa kiwe kikavu, chenye hewa na kufuli.

Mnunulie mfanyakazi wako glavu za mpira, miwani ya kukinga macho na viatu vya kufunika miguu. Hayo hayazidi gharama ya boza moja la maji. Gesi ikitoka, watu wote waondoke upesi waende mahali penye hewa safi, upande unakotoka upepo. Dawa ikiingia machoni, oshwa kwa maji safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15, kisha kimbilia hospitali. Usipoteze wakati kumnywesha mtu maziwa, kwa sababu maziwa hayafiki kwenye mapafu. Na ndoo tupu ya klorini isipelekwe nyumbani kutekea maji ya kunywa. Itobolewe kabla ya kutupwa.

Mpe pia mamlaka. Kijana anayeona kwamba klorini imekwisha lazima awe na ruhusa ya kuwaambia wageni, hata kama wamelipa, kwamba leo kidimbwi kimefungwa. Bila ruhusa hiyo vipimo vyote ni bure.

NYUMBA ZILIZOFUNGWA

Mtu wa tatu ni jirani. Wageni wengi huja wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, na tena kati ya Julai na Septemba. Kusi ikianza na mvua kubwa za Aprili na Mei kunyesha, nyumba nyingi hufungwa. Mwenyewe yuko Milano au Nairobi, pampu imezimwa, dawa imekwisha, na bawabu ameachiwa funguo peke yake. Basi maji ya kidimbwi hugeuka kijani wakati ule ule mbu wanapotafuta pa kuzalia.

Hili si jambo la kukisia. Watafiti waliochunguza mazalio ya mbu mjini Malindi mwaka 2001 na 2002 waligundua kwamba vidimbwi vya kuogelea visivyotumika, pamoja na mashimo ya magurudumu yaliyojaa maji barabarani, ndivyo vilivyokuwa makao makuu ya viluwiluwi vya Anopheles, mbu wa malaria. Tafakari maneno hayo. Katika mji wenye mitaro na mapipa mengi, maji ya anasa yaliyosahauliwa yalikuwa miongoni mwa mazalio makubwa. Wananchi wa Malindi waliwahi kuungana na watafiti katika kundi lililoitwa PUMMA, yaani Punguza Mbu na Malaria Malindi, kupigana na adui huyo. Lakini kundi la mtaa linaweza kufukia shimo la barabarani. Haliwezi kuruka ukuta wenye vigae vya chupa.

Haja ya kuwa macho imezidi. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba mbu aitwaye Anopheles stephensi amepatikana nchini, katika kaunti ya Marsabit. Huyu huzaa kwa urahisi mijini, katika matangi na maji yaliyohifadhiwa na binadamu. Naye mbu wa homa ya dengi, ambayo imelipuka Mombasa zaidi ya mara moja, hutosheka na maji ya kifuu au yale yanayotuama juu ya turubai la kufunikia jakuzi.

Katika joto letu, yai la mbu huwa mbu anayeruka kwa muda wa siku saba hadi kumi na nne. Kwa hiyo bawabu anayekagua mara moja kwa mwezi amechelewa. Kama nyumba itafungwa, yako mambo manne ya kuchagua. La kwanza ni kuendelea kutia dawa na kuwasha pampu kila siku. La pili ni kufunika kidimbwi kwa turubai lililobana pande zote, na kuondoa maji ya mvua yanayotuama juu yake. La tatu, kama maji hayatatumika kwa muda mrefu, ni kuacha klorini iishe kabisa kisha kutia samaki wanaokula viluwiluwi, au dawa ya kuua viluwiluwi inayokubaliwa na maafisa wa afya. La nne ni kukausha. Lakini jihadhari: karibu na ufuo maji ya ardhini yako juu, na kidimbwi kitupu kinaweza kusukumwa na kupasuka, kwa hiyo muulize fundi kwanza. Na kidimbwi kilichokaushwa lazima kifagiliwe maji kila baada ya mvua, kwani maji ya kufika kifundo cha mguu yanawatosha mbu.

NINI KIFANYWE

Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ina sehemu nzima kuhusu kuzuia na kuangamiza mbu, na inayahesabu maji yenye viluwiluwi kuwa kero ambayo mwenye mahali anaweza kuamriwa kuiondoa. Kwa hiyo hatuhitaji sheria mpya. Tunachohitaji ni bwana afya anayebisha hodi katika nyumba zilizofungwa za Casuarina kama anavyobisha katika vibanda vya chakula vya Majengo. Mama muuza mahamri hutakiwa kuwa na cheti cha afya. Mwenye nyumba anayekodisha kidimbwi kwa maelfu ya shilingi kwa usiku mmoja naye atakiwe kuwa na daftari la vipimo. Tangu mwaka 2013 kazi hii iko mikononi mwa serikali ya kaunti, na mwezi wa Machi, kabla ya mvua, ndio wakati wake.

Wewe msomaji unayekodi nyumba ya mapumziko, fanya mambo matatu kabla ya kuwaruhusu watoto wako waingie majini. Omba kuonyeshwa kipimo cha leo cha klorini na pH. Tazama kama unaona chini kabisa. Pitisha mkono ukutani usawa wa maji, na ukihisi utelezi, vaa viatu uende baharini.

Na wewe mwenye kidimbwi, chukua daftari la shule, chora mistari minne: tarehe, klorini, pH, jina la aliyepima. Litundike karibu na pampu, ulisome kila wiki hata kama uko mbali, kwani siku hizi simu ya mkononi hutuma picha. Ukurasa mtupu utakuambia habari ambayo rangi ya maji haijakuambia bado. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika jambo hili wanaoangukiwa na ukuta ni watoto wa jirani, ambao hawajawahi kuogelea kwako hata siku moja.